Mwarobaini umeangushwa katikati ya bustani, nianze na nini?

Mkazi wa Chamwino:
Habari zenu wakuu. Mwarobaini wa kipenyo cha sentimita 55 umeangushwa juzi kwenye bustani ya mboga. Kisiki kimebaki sentimita 40 juu ya ardhi, matawi yametapakaa, na unga wa msumeno umefunika matuta mawili ya mchicha. Nataka kupanda mvua za Desemba zikianza. Nichome vyote? Na kisiki, jirani anasema nikimwagie oili chafu.

Fundi Kuni:
Usichome, mkuu. Upepo wa Agosti huku kwetu hauna huruma, na moto ukiingia kwenye mzizi mkavu unatambaa chini kwa chini siku kadhaa, kisha unaibukia kwenye uzio.

Anza na matawi. Yaburute yote upande mmoja, yalaze juu ya turubai, uache siku saba hadi kumi. Majani yatapukutika yenyewe, nayo ni matandazo mazuri. Fito zilizonyooka chambua za uzio. Yanayozidi unene wa mkono kata urefu wa sentimita 40, pasua yangali mabichi maana yakikauka shoka linadunda, kisha panga juu ya mawe hewa ipite chini. Hadi Novemba ni kuni safi. Shina usilipasue: mchwa hawaupendi sana mwarobaini, kwa hiyo bandua magome upate nguzo. Ukitaka kusafirisha magogo, pita kwanza ofisi ya wilaya ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, uulizie kibali.

Mama Bustani:
Naomba nisisitize huo unga wa msumeno, ndiko wengi wanakoharibu. Ukiulima ndani ya tuta, vijidudu vinavyouozesha vitanyang'anya mchicha naitrojeni, utaona majani ya njano na kudumaa msimu mzima. Ukwangue kwa reki wakati wa asubuhi kabla ya upepo, ukusanye kwenye shimo la mboji: ndoo tatu za unga kwa ndoo moja ya samadi ya kuku, mwagia maji uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, geuza kila wiki tatu. Usiutumie kabla ya miezi sita. Utakaobaki juu ya udongo, safu nyembamba tu, hauna shida. Kosa ni kuuchanganya.

Mzee wa Sululu:
Oili chafu hapana, kabisa. Haiui kisiki, inaua udongo unaotaka kuulimia.

Mwarobaini una ukaidi: ukiukata unachipua kwenye kisiki, na mizizi ukiijeruhi inachipua nayo. Kwa hiyo ukiamua kung'oa, ng'oa kweli. Chimba mtaro kuzunguka kisiki, umbali wa sentimita 60, kina cha sentimita 70 hivi. Udongo wa juu, zile sentimita 20 za kwanza, weka rundo la peke yake. Mwagia maji jioni, chimba asubuhi, la sivyo sululu itaruka. Kila mzizi ukate mara mbili ili utoe kipande kizima. Ukikata mara moja shoka halipati nafasi. Mwishoni utakuta mizizi inayoshuka wima chini ya kisiki, hiyo ndiyo inayokatisha watu tamaa. Uifikie kutoka upande mmoja, na mtaimbo uinue ule mwingine. Nasikitika aliyeuangusha mti alikata chini mno. Angeacha mita moja ungekuwa na mpini wa kukiyumbisha.

Kama nguvu hazipo, bandua magome yote hadi chini ya usawa wa udongo na ung'oe machipukizi kila wiki mbili. Ukiruka mwezi mmoja tu, kisiki kinajilisha upya.

Mkazi wa Chamwino:
Asanteni sana. Nitang'oa. Shimo nalijazaje?

Mzee wa Sululu:
Okota vipande vya mizizi kwanza. Rudisha udongo wa chini kwa tabaka za sentimita 20, shindilia kila tabaka, malizia na ule wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Uache kichuguu cha sentimita 15, kitashuka mvua zikinyesha. Ukisawazisha sasa, Januari utakuwa na dimbwi.

Mama Bustani:
Na kivuli kimeondoka, ndugu. Miche iliyozoea ubaridi wa ule mti itababuka. Jenga kichanja cha mita moja kwa hizo fito, ezeka nyasi chache, na upunguze kidogokidogo baada ya wiki mbili.