Tupeane uzoefu: kupaka rangi chupa tupu za kioo ziwe mapambo ya nyumbani

#1
Wadau, chupa za mvinyo, konyagi, asali na tomato sosi zinatupwa kila siku, na zikipakwa vizuri zinapendeza mezani kuliko vyombo vingi vya dukani. Tatizo kubwa ni rangi kubanduka. Tupeane uzoefu wa kazi yenyewe, vipimo vikiwemo. Chupa za soda na bia za kwenye kreti tuziache zirudi dukani, kiwanda huziosha na kuzijaza tena.

#2
Rangi hubanduka kwa sababu kioo hakinyonyi. Mbao na ukuta vina vitundu vya kuishika, kioo hakina, kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kushika brashi.

Loweka chupa nusu saa kwenye lita 5 za maji ya moto ya kuvumilika mkono, weka sabuni na vijiko 4 vya magadi ya unga. Ijaze maji na ndani, la sivyo itaelea. Usitumie maji yanayochemka, chupa baridi itapasuka. Lebo ya karatasi hutoka yenyewe. Ile ya plastiki haisikii maji: ianike juani gundi ilegee, halafu ivute taratibu kuanzia pembeni. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na magadi kiasi sawa, subiri dakika 15, sugua.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mafuta yale lazima yaoshwe kwa sabuni, chupa ikauke, kisha ifutwe kwa spiriti na kitambaa safi. Mafuta yakibaki, hata ya vidole tu, rangi hujikusanya na kuacha madoa matupu. Baada ya spiriti ishike mdomoni tu.

#3
Naongezea msasa. Tumia namba 320 wa maji, sugua kwa kuzungusha mpaka mng'ao ufe. Usisugue kikavu, vumbi la kioo si la kuvuta puani. Osha, kausha, ndipo upitishe spiriti.

Kuhusu rangi:

Rangi ya maji ya ukutani peke yake haidumu, ukucha tu unaitoa. Tanguliza praima (rangi ya chini ya kushikisha) ya sehemu zisizonyonya. Kama huna, changanya gundi nyeupe ya seremala na maji kiasi sawa, paka nyembamba, acha usiku mzima. Ila gundi hiyo hulainika kwenye unyevu, chupa ya bafuni usiifanyie hivyo.

Rangi ya mafuta hushika vizuri zaidi. Hukauka juu kwa saa 24 lakini kukomaa huchukua kama wiki. Ukiiwahi na vanishi yenye thina kali, inakunjamana yote na hakuna dawa zaidi ya kuikwangua.

Rangi ya kupuliza: umbali sentimita 25, anza kupuliza pembeni kabla ya kufika kwenye chupa na umalizie ukiwa umeshaipita, koti (tabaka) 3 nyepesi kila baada ya dakika 15. Koti moja nzito ndiyo inayotiririka. Chomeka kijiti shingoni, kisimike kwenye ndoo ya mchanga, unazunguka chupa bila kuigusa.

#4
Kwa wa Pwani: msipulize asubuhi ya masika. Unyevu ukinaswa kwenye rangi, uso unakuwa na ukungu mweupe. Ngoja hewa ikauke, na kaeni kivulini, kwa sababu kioo kilichopata joto hukausha rangi kabla haijatandaa.

#5
Anayetaka mng'ao wa kioo ubaki apake ndani. Chupa ikauke kabisa, tone moja la maji linatosha kutoa malengelenge. Mimina rangi nzito kama uji mwepesi, zungusha mpaka ienee, kisha isimamishe kichwa chini juu ya vijiti viwili ichuruzike. Siku mbili au tatu. Hiyo ni ya maua makavu tu, maji yatabandua kila kitu.

#6
Kamba ya katani inakaa vizuri shingoni na inaficha makosa ya brashi. Hesabu yake: tumbo la chupa ya mvinyo lina mzunguko wa kama sentimita 24. Kwa kamba ya milimita 5, kufunika kimo cha sentimita 10 ni mizunguko 20, yaani mita 4.8. Kata 5. Gundi ipakwe kwenye chupa kipande kwa kipande, si kwenye kamba, maana kamba huinywa.

#7
Je, kukata chupa kwa kuizungushia uzi wenye mafuta ya taa, kuuwasha na kuitumbukiza maji baridi?

#8
Achana nayo. Mara nyingi ufa haufuati uzi, unakimbilia sehemu nyembamba, na ukingo unabaki wembe. Ukitaka taa, tumia nyuzi za taa ndogo za betri zinazopita mdomoni. Mshumaa usiuweke ndani ya chupa iliyopakwa rangi ya mafuta.