Naomba ushauri: magoti na usingizi kwenye mafungo ya kimya ya Zen

Habari zenu wakuu. Nimekubaliwa kushiriki seshini, yale mafungo ya Zen (tawi la Ubudha) ya kukaa kimya, na tarehe inakaribia. Kimya chenyewe hakinitishi, mimi si msemaji sana. Hofu yangu ni magoti. Ratiba inaanza kabla ya alfajiri: zazeni (kutafakari mkiwa mmekaa) ya dakika 30 hadi 40, mnatembea polepole kwa mstari, kisha mnarudi kwenye mto. Hivyo hivyo hadi usiku. Kituo ni cha dhehebu la Soto, kwa hiyo tunatazama ukuta (wenzao wa dhehebu la Rinzai angalau hutazamana). Nikijaribu nyumbani, mguu wa kushoto hufa ganzi mapema, na kuanzia hapo akili haihesabu pumzi tena, inahesabu dakika.

Waliopitia, nani alitumia kigoda cha kupigia magoti, au kiti kabisa? Najua kinaruhusiwa, ila naona aibu kuwa peke yangu juu ya kiti.

Halafu usingizi. Ile fimbo bapa ya mabegani, kyosaku, sehemu nyingi hupigwa anayeomba tu kwa kuunganisha viganja. Inaamsha kweli au ni maumivu juu ya maumivu?

Jingine, na hili ndilo zito: niliwahi kuugua sonona, sasa niko vizuri. Nimwambie mwalimu kabla, au nisubiri dokusani, yale mazungumzo ya faragha naye? Mke wangu anasema niseme mapema. Nyie mnaonaje?