Nimechoka na maoni ya filamu kutoka kwa watu ambao hawajaiangalia

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na nimeona heri niiseme leo kuliko kuendelea kuimeza.

Filamu ya Vuta N'Kuvute ilipokuwa inaonyeshwa ukumbini hapa Dar, niliwashawishi wenzangu wanne wa kazini twende Jumamosi. Walikubali bila ubishi. Dada wa masjala alikisoma kitabu ambacho filamu imetokana nacho akiwa kidato cha sita, akawa anatusimulia habari za Denge, mmoja wa wahusika wake, kila tukikaa kunywa chai. Ijumaa saa kumi jioni mmoja wetu akafungua simu akatusomea maoni ya mtu humu jukwaani: "Muvi ya hovyo, haieleweki, inaenda polepole, wameharibu kitabu." Mstari mmoja tu. Kufika saa kumi na moja wote wanne wameshaghairi, hata dada wa masjala. Nikaenda na mdogo wangu. Ukumbi mzima tulikuwa watu kumi na mmoja, niliwahesabu taa zilipowashwa.

Wiki iliyofuata nikarudi kwenye ule uzi nikamuuliza mwenye maoni yake, tena kwa adabu: mkuu, ni sehemu gani haikueleweka? Nikasubiri siku mbili. Jibu lake hili hapa: "Mimi sijaiangalia mkuu, nimeona trela tu, ila watu wengi wanasema hivyo."

Trela! Dakika mbili za vipande vilivyokatwakatwa ili vikuvute dirishani ukanunue tiketi, yeye kavitolea hukumu ya filamu nzima. Na hao "watu wengi" niliwafuatilia mmoja mmoja kwenye uzi uleule. Watatu walikuwa wamemnukuu yeye.

Sasa nimwambie alichokikosa. Hadithi iko Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mwanamume mtu mzima asiyempenda, anaikimbia ndoa hiyo, na anakutana na Denge, kijana aliyejitosa kwenye harakati za kupigania uhuru. Mwongozaji, Amil Shivji, hawakimbizi watu wake. Anakuacha ukae na uso wa Yasmin kwenye mwanga hafifu mpaka uone anachokiogopa kabla hajakitamka. Mwajuma, rafiki wa Yasmin, anapoimba, na mwigizaji wake ni Siti Amina ambaye ni mwimbaji kweli, ukumbi wetu wa watu kumi na mmoja ulinyamaza kimya hata bisi hazikutafunwa. Huo ndio "upolepole" wenyewe. Huwezi kuuona kwenye trela kwa sababu trela kazi yake ni kuuondoa.

Na hilo la kuharibu kitabu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na imesomwa na wanafunzi wetu wa sekondari miaka nenda rudi. Ni hadithi ndefu yenye watu wengi. Filamu ina kama saa moja na nusu. Lazima vitu vikatwe, na kuna vilivyokatwa ambavyo hata mimi viliniuma. Mtu aliyeiangalia akija na hoja kwamba Denge wa kitabuni ana uzito kuliko wa kwenye skrini, nitakaa naye tubishane mpaka taa zizimwe. Kwa upande mmoja nitamkubalia. Lakini hoja hiyo inataka uwe umesoma kimoja na kuangalia kingine.

Filamu hiyo ilichaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar, ikiwa ya pili tu baada ya filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Sisemi kwa hiyo isikosolewe. Nasema filamu za namna hii hatunazo nyingi, na ukumbi wa watu kumi na mmoja unamwambia mwenye ukumbi kwamba wiki ijayo aweke kitu kingine.

Halafu kuna hili la kopi, ambalo linanikera karibu sawasawa. Kijana mmoja aliandika humu kuhusu muvi moja ya Kimarekani: "kamera mbovu, sauti mbovu, giza tupu, sifuri." Nikamwomba atutumie picha ya anachokiangalia. Akatuma. Ilikuwa kopi iliyorekodiwa kwa siri ndani ya sinema: pembeni chini kuna kichwa cha mtu, juu linapita tangazo la kamari, na skrini yenyewe imelalia upande. Huyo ndiye aliyempa mpiga picha sifuri.

Ndugu zangu, mkanda ukibanwa uingie kwenye MB chache, kinachotupwa kwanza ni zile tofauti ndogo ndogo za rangi, na zaidi gizani. Kivuli kilichokuwa na ngazi ishirini kinabaki na tatu, ndiyo maana unaona vigae vigae vyeusi vinacheza ukutani. Hata wenye vifaa vyao yaliwakuta. Tarehe 28 Aprili 2019 tamthilia ya Game of Thrones walirusha ile sehemu ya vita vya usiku, msimu wa nane, zaidi ya dakika 80, iliyopigwa usiku kwa wiki nyingi. Dunia nzima ililalamika kwamba haioni kitu. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alijibu kwamba tatizo lilikuwa zaidi kwenye kubanwa kwa picha njiani na jinsi watu walivyoziseti televisheni zao. Unaweza kumbishia, na wengi walimbishia, mimi mmojawapo. Ila wale walau waliangalia ile iliyorushwa na wenyewe. Wewe umejaziwa kwenye flashi kopi ya kopi, halafu unasema mpiga picha hajui kazi.

Na ule msemo wa "inaonekana kama mkanda wa harusi"! Mara nyingi hiyo ni televisheni yako. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na televisheni nyingi za sasa zinaongeza picha za kubuni katikati ili mwendo uonekane laini. Ingia kwenye mipangilio, zima hicho kitu. Tom Cruise mwenyewe alitoa video Desemba 2018 kuwaomba watu wakizime. Zima, uangalie upya, ndipo uje.

Kwenye tafsiri naomba nieleweke. Nimekulia kwenye kibanda umiza, nimekaa kwenye benchi la mbao jasho likinitiririka nikimsikiliza Lufufu akitutafsiria muvi kwa Kiswahili, na mpaka leo naona ile ni sanaa inayojitegemea, kama ilivyo ya ma-VJ, watafsiri wa muvi wa Uganda. Mtafsiri anachangamsha, anaongeza yake, anampa stelingi jina la mtaani kwetu. Hiyo ni haki yake. Asiye na haki ni wewe unayekuja hapa kuandika kwamba "mwandishi kaandika maneno ya kitoto" wakati maneno hayo yalisemwa na mtafsiri Kariakoo. Nimebishana na mtu kurasa mbili juu ya kauli ya mhusika ambayo kwenye lugha yake mhusika yule alikuwa amenyamaza. Amenyamaza! Tukio zima limejengwa juu ya ule ukimya.

Wale wa muhtasari wa dakika kumi wa kwenye simu sina nguvu nao leo. Niwaombe tu msimwage mwisho wa tamthilia ambayo wenzenu tunaifuata sehemu kwa sehemu kila jioni baada ya kazi.

Ninachodai ni kitu kidogo. Ukiandika "mbovu" au "kali", weka na mambo matatu: umeiangalia wapi, kwa lugha yake au ya kutafsiriwa, na umeishia dakika ya ngapi. Ukiishia dakika ya ishirini kwa sababu imekuchosha, sema hivyo, hayo nayo ni maoni halali na mimi nitayaheshimu. Rotten Tomatoes, tovuti ya maoni ya filamu, ilibidi mwaka 2019 wazuie watu kuandika maoni kabla filamu haijatoka, kisha wakaanza kuyaweka peke yake maoni ya waliothibitika kununua tiketi. Wasimamizi wa jukwaa, sisi hatuhitaji mitambo. Wekeni hayo matatu juu kabisa ya jukwaa la filamu, na asiyeyajaza uzi wake uondolewe.

Na yule mkuu wa trela, najua uko humu na unasoma. Sina ugomvi na wewe kama mtu. Itafute filamu, iangalie mpaka majina yaishe, kisha urudi kwenye uzi ule. Ukisema bado ni mbovu nitakujibu tukio kwa tukio. Ila kwanza futa ule mstari, maana mpaka leo asubuhi bado upo juu kabisa, na kuna mtu chini yake ameandika "asante mkuu, umeniokolea hela yangu."