Naomba ushauri: Bluetooth inagoma kifaa kikiwashwa baada ya kukatiwa umeme

Ndugu wataalamu, habari zenu. Nina kifaa kidogo kinachoendeshwa na Linux, ambacho chipu yake ya Bluetooth imeunganishwa na prosesa kwa njia ya UART (laini za kupitishia data biti moja baada ya nyingine). Kikiwashwa baada ya kukatiwa umeme kabisa, mara nyingi hci0 (jina ambalo Linux huipa Bluetooth ya kifaa) haifanyi kazi, na kumbukumbu za kerneli zinaonyesha kwamba amri 0x0c03, yaani ile ya kuitaka chipu ijianzishe upya, imekosa jibu hadi muda ukaisha, kisha linafuata kosa -110, yaani la muda kuisha. Nikikiwasha upya bila kukata umeme, kinafanya kazi vizuri.

Kwa kuwa hitilafu hutokea kabla fimuwea (programu ya ndani ya chipu) haijaanza kupakiwa, sidhani kama faili lake lina kasoro; ninashuku zaidi kwamba pini ya kuiwezesha chipu inapandishwa kabla volteji na mapigo ya saa ya chipu ya 32.768 kHz havijatulia. Kuchelewesha bluetoothd, programu ya Linux inayosimamia Bluetooth, hakujasaidia.

Je, mngeanza kupima wapi kwa osiloskopu, kwenye pini hiyo au kwenye laini za RTS na CTS (zile za UART zinazoonyesha lini data inaweza kutumwa)? Nisingependa kurudiarudia amri mpaka ikubali, kwani vifaa hivi vitafungwa mahali pasipo na mtu wa kuviangalia.