Gemu zipi za PS4 zinamfaa mtu aliyezoea kibandani? Naomba hukumu fupi

Mkazi wa Nkuhungu
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Dodoma. Kwa miaka sita nimekuwa mteja wa kibanda kimoja cha gemu kule Majengo, ambako mtu hulipia mechi au nusu saa, na foleni ikirefuka mwenye kibanda hukupokonya pedi hata kama umebakiza dakika moja ushinde. Ndiyo maana ninachokifahamu ni mpira, Tekken ya mapigano na, tangu enzi za PS2, GTA: San Andreas pamoja na ile orodha ya vitufe vya siri tuliyoinakili nyuma ya madaftari ya shule. Sasa nimenunua mashine ya PS4 iliyotumika. Nataka gemu chache zisizo za mpira, ikiwezekana za diski, kwa kuwa bando langu halimudu kupakua mafaili makubwa. Naomba hukumu fupi, ubaya ukitajwa pamoja na uzuri. Hadithi zenyewe msinisimulie.

Mhakiki wa Area D
Kaka, kibandani gemu hupimwa kwa dakika kumi za kwanza, na kipimo hicho kitakudanganya nyumbani, kwa sababu kadhaa kati ya nitakazozitaja huanza polepole mno.

Shadow of the Colossus, toleo lililoundwa upya mwaka 2018, ndiyo ningekushauri uanze nayo. Ina majitu 16 na hakuna adui mwingine yeyote. Muda uliobaki unapanda farasi katika nchi tupu, kimya kimya, kama mtu anayevuka mbuga za Bahi wakati wa kiangazi. Kila jitu ni mlima na ni fumbo, na ukiliangusha hupati ile furaha uliyoitarajia, jambo ambalo naamini watengenezaji walilikusudia. Kamera yake, hata hivyo, itakutukanisha.

God of War ya mwaka 2018: shoka linalorudi mkononi ni tamu kuliko bao la dakika ya tisini, lakini yale mazimwi yenye nguzo za mawe yanajirudia hadi yanachosha.

Red Dead Redemption 2, pia ya 2018, inasimulia Marekani ya mwaka 1899 kwa ustadi ambao sijauona kwenye gemu nyingine, ingawa mhusika wake hutembea kana kwamba amevaa buti zilizojaa maji. Tahadhari: toleo la PS4 lina diski mbili, kwa hiyo hakikisha muuzaji anakukabidhi zote, kisha uandae takribani gigabaiti 100 za nafasi.

Bloodborne (2015) ni ngumu, na ugumu wake ni wa haki, ila haina namna ya kusimamishwa. Mama akikuita ukachote maji, umekufa.

GTA V ina jiji zuri lenye watu wasio na haya. San Andreas imechakaa sura, lakini ilikuwa na moyo zaidi. Stardew Valley ni kilimo, na mimi nilichoka katika msimu wa pili.

Binti wa Hombolo
Kaka mhakiki, kwa Stardew Valley umehukumu kabla ya kuvuna. Gemu hiyo ya mwaka 2016 ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne. Kwetu tunalima zabibu, kwa hiyo niliicheza kwa jicho la mkulima. Mzabibu wake huzaa baada ya siku 10, kisha kila baada ya siku 3, na hufa baridi inapoingia. Wa kwetu hukaa shambani miaka mingi na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nimeisamehe kasoro hiyo kwa ajili ya jambo moja: zabibu ikiingia kwenye pipa ikawa mvinyo, thamani yake inakuwa mara tatu ya tunda. Mkulima wa huku aliyewahi kubaki na mzigo wa zabibu unaoharibika kwa kukosa mnunuzi hahitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Ubaya wake halisi hukuutaja. Gemu haihifadhi chochote mpaka mhusika alale, na siku moja humo ni kama dakika 14. Umeme ukikatika jioni yake, umepoteza siku nzima ya jasho. Mimi nimepoteza tatu.

Fundi wa Makole
Naongeza moja tu. Usiitupe Tekken. Kibandani kila mtu aliwahi kumchukia aliyemchagua mpiganaji Eddy Gordo akawa anabofya ovyo na kushinda, na chuki hiyo ndiyo ladha yenyewe. Ukicheza peke yako dhidi ya mashine, inabaki chumvi bila mboga.

Mkazi wa Nkuhungu
Nawashukuru wote. Leo nilikwenda dukani nikakuta Red Dead yenye diski moja, na muuzaji akaniapia kwamba inatosha. Nimeondoka na Shadow of the Colossus. Majitu matatu yameanguka, na ni kweli, sikufurahi nilivyodhani. Nimekwama kwa la nne, lile lenye umbo la farasi, tangu alasiri. Tafadhali msinielekeze.