Ushauri: Injini ya pikipiki ya theluji inamisi na kuzima kwenye sailensa baada ya kukaa kiangazi chote

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba msaada kuhusu pikipiki yangu ya theluji, yenye injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa feni, silinda mbili, na kabureta mbili. Ilikaa kiangazi chote bila kuwashwa, na petroli ilibaki ndani ya tangi na ndani ya kabureta, kosa ambalo nalikiri mapema ili nisikumbushwe na kila atakayejibu. Sasa theluji imeanguka, nayo inawaka baada ya kuvuta kamba zaidi ya mara kumi, lakini kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuguswa resi, inatetemeka, inamisi (inaruka baadhi ya milipuko), na inazima nikiachia resi. Nikivuta choki hadi nusu inatulia kabisa. Nikiirudisha inaanza tena kukohoa. Nikifungua resi hadi mwisho inavuta karibu kama zamani, hivyo matatizo yote yako chini ya robo ya resi.

Nimebadilisha plagi, nimeweka petroli mpya, na nimefungua mabakuli ya kabureta nikapuliza dawa ya kusafishia bila kutoa jeti, vile vipande vyenye tundu la kupimia petroli. Baada ya kuiunguruma kwa muda, plagi ya kulia imekuwa ya kahawia na ya kushoto ni nyeupe. Je, nianze kuchezea skrubu ya hewa?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, usiguse skrubu yoyote kwa sasa. Choki imekwisha kukupa nusu ya jibu, kwa sababu kazi yake kwenye kabureta za namna hiyo ni kuongeza petroli. Injini inayotulia choki ikivutwa ni injini inayopata petroli kidogo kuliko hewa. Plagi nyeupe inasema jambo hilohilo na kukuonyesha kwamba upande unaoumwa ni wa kushoto.

Nakusihi usiiendeshe ikiwa katika hali hiyo, hata kwa safari fupi. Petroli ikipungua, joto hupanda juu ya kichwa cha pistoni, na pistoni ya aluminiamu ikitanuka kupita kiasi hukwaruza ukuta wa silinda hadi injini inanoki, yaani inakwama. Hapo hatutazungumzia kabureta tena.

Mchangiaji wa pili

Kupuliza dawa bila kutoa jeti ni sawa na kuosha chupa bila kufungua kifuniko. Petroli ikikauka huacha utando wa kunata, na mahali pa kwanza kuziba ni jeti ndogo ya sailensa, ambayo tundu lake halifiki milimita moja. Jeti hiyo ndiyo inayolisha injini kuanzia sailensa hadi karibu robo ya resi. Kutoka hapo hadi robo tatu kazi kubwa hufanywa na sindano ya kabureta, na jeti kuu hutawala resi ikiwa wazi kabisa. Linganisha mpangilio huo na maelezo yako mwenyewe utaona kidole kinaelekea wapi.

Zitoe jeti zote mbili ndogo, uziloweke, uzipulize kwa upepo wa kompresa, kisha uzielekeze kwenye mwanga na kuzilinganisha. Usichokonoe kwa waya wa chuma, kwani shaba nyeupe ni laini na tundu likipanuka umeharibu kipimo chake. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze polepole hadi iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uiandike, na wakati wa kurudisha uifungue kwa idadi hiyohiyo. Puliza pia vijitundu vilivyo kwenye koo la kabureta, maana watu wengi husafisha jeti na kuviacha hivyo vimeziba.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ningeongeza kipimo cha jeti kuu. Hewa ya baridi kali ni nzito, kwa hiyo inahitaji petroli zaidi.

Mchangiaji wa pili

Hoja ya hewa ya baridi ni ya kweli, lakini jeti kuu haina la kufanya kwenye sailensa, na baridi isingechagua silinda ya kushoto peke yake.

Mchangiaji wa nne

Wote mmeisahau mipira inayounganisha kabureta na silinda. Ikipasuka, injini hunyonya hewa ya pembeni na dalili zake hazitofautiani na za jeti iliyoziba. Itoe na uikunje kwa vidole, kwa sababu ufa mwingi hauonekani mpira ukiwa umetulia. Kagua pia kijibomba kinachotoka kwenye kreki (chumba kilicho chini ya pistoni) kwenda pampu ya petroli, kwani pampu hiyo husukumwa na mapigo ya hewa ya kreki.

Mleta mada

Wakuu, nimerudi. Jeti ya kulia ilionyesha nukta safi ya mwanga kama ncha ya sindano. Ya kushoto ilikuwa giza tupu, na niliiloweka usiku kucha ndipo ikafunguka. Mpira wa kushoto nao, nilipoukunja, ulifungua ufa mwembamba kandokando ya alama ya klampu, mahali ambapo nilikuwa nimepapangusa kwa kitambaa mara mbili bila kuona kitu. Nimeweka mipira mipya pande zote. Sasa inawaka kwa mvuto wa pili na sailensa imetulia bila choki, ila nikigusa resi kidogo inasita kwa nukta moja kabla ya kuitika.

Mchangiaji wa nne

Ulipozitoa kabureta huenda umevuruga ulinganifu wake. Injini ikiwa imezimwa, ingiza kidole kwenye kila koo na ubonyeze resi taratibu. Milango yote miwili ya hewa iliyo ndani ya koo inapaswa kuanza kuinuka kwa wakati mmoja, na ukikuta mmoja unatangulia, rekebisha kirekebishi cha kebo yake.

Mleta mada

Wa kushoto ulikuwa unachelewa. Nimeulinganisha na kusita kumekwisha. Nimezunguka nayo kwa mwendo wa wastani kisha nikatoa plagi: zote mbili ni za kahawia.

Mchangiaji wa kwanza

Vizuri sana, mkuu. Pima na kompresheni (nguvu ya mgandamizo) ya silinda zote mbili kabla ya kuikimbiza, kwa kuwa ile ya kushoto ilikwisha kufanya kazi kwa joto kali, na ikiwa iko chini sana kuliko mwenzake, fungua uangalie pistoni.