Mtoto wa wiki 5 anaguna na kukoroma usiku kucha, hii ni kawaida?

MamaTunu
Habarini wapendwa, naombeni msaada hasa nyie mlioshalea. Nina binti wa wiki 5, uzao wa kwanza. Mchana analala vizuri kabisa hata redio ya jirani ikipiga kelele hashtuki, ila usiku kuanzia saa nane hivi mpaka alfajiri ni vurugu, anaguna, anajinyonganyonga, anakunja miguu na kujikaza mpaka uso unaiva, pua inakoroma kama ana mafua na kamasi sizioni, na muda wote huo macho kafumba! Afu kuna wakati anahema harakaharaka halafu kimya, kama hahemi, hapo ndo roho inaniruka namwekea mkono kifuani. Ananyonya vizuri, kliniki uzito umepanda, homa hana. Baba yake anatoka saa kumi na moja kwenda kazini naye halali. Sasa mama mkwe yupo hapa kwetu anasema ni kimio (kile kinyama kinachoning'inia kooni), apelekwe kwa mzee mmoja akakatwe, na jirani anasema ni mchango wa tumbo, nimpe dawa ya mizizi. Mi sitaki lakini nikikataa hivihivi itaonekana namdharau mama. Jamani nikimbie hospitali au ndo wanavyolala?

mama_wa_watatu
Hongera kwa uzazi mdogo wangu. Wangu wote watatu walikuwa hivyo, wa mwisho ndo alizidi. Mtoto mchanga karibu nusu ya usingizi wake ni ule mwepesi, macho yanachezacheza chini ya kope, anatabasamu, anaguna, hata kilio kidogo anatoa na bado kalala. Ukimnyanyua kila akiguna wewe ndo unamwamsha. Msikilizie kwanza, akifumbua macho akaanza kutafuta ziwa na kula ngumi basi ni njaa, mpe. Asipofanya hivyo mara nyingi anazama tena mwenyewe.

Ya kujikaza nayo ni kwamba bado hajajua kulegeza huku chini wakati anasukuma, kwahiyo anaguna weee halafu choo kinatoka laini. Choo kikiwa laini hajafunga choo huyo, dawa ya mizizi usimpe, umri huu ni maziwa yako tu hata maji bado. Na pua, tundu zao ni ndogo mno na wanategemea pua kuhema, kamasi kidogo tu iliyokauka inatosha kukoroma chumba kizima. Nunua matone ya maji ya chumvi famasi, waambie ya mtoto mchanga, tone moja kila tundu kabla ya kunyonya. Zile dawa za kuchua zenye kafuri na mentoli usimpake kabisa, sio za umri wake.

nesi_mstaafu
Mama Tunu, pole kwa kukesha. Hiyo ya kuhema haraka halafu kutulia wachanga wengi wanayo, kutulia kwa sekunde 5 mpaka 10 kisha anaendelea, rangi haibadiliki. Akifika karibu sekunde 20, au midomo ikawa ya bluu, hiyo ni dharura.

Akiwa katulia funua kifua uhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Ikifika 60 au zaidi hesabu tena, na ikiwa bado hivyo nenda hospitali usiku huohuo. Nenda pia ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta hewa, anaguna KILA pumzi inapotoka, pua zinatanuka, anagoma kunyonya, kalegea, joto ni 37.5 kwenda juu au mwili umekuwa wa baridi. Mtoto wa chini ya miezi 2 hasubiriwi kukuche.

Kama sauti ni ya kukwaruza akivuta hewa NDANI na inazidi akilia au akinyonya, koo linaweza kuwa bado laini. Wengi hupona wenyewe wanapokua ila daktari lazima amwone. Mrekodi video kwa simu usiku, maana ukifika kliniki mchana atalala kimya na daktari hatasikia kitu.

Kimio naomba sana asiguswe. Kila mtu anacho, ni kiungo cha kawaida. Kukata kunaleta damu isiyokatika, maambukizi, pepopunda, na mtoto anashindwa kunyonya kwa maumivu. Usibishane na mama mkwe, mwambie "mama naomba twende wote kliniki wamwangalie koo", akiyasikia pale na wewe hujamvunjia heshima.

MamaTunu
Asanteni sana, nimepumua jamani. Nimehesabu sasa hivi kalala, 44. Ntarekodi leo, na mama kakubali kwenda na mimi. Ila chumba ni kimoja na huwa tunafukiza udi jioni, inaweza kuchangia? Afu mama mkwe ameniambia nimlaze kifudifudi maana hivyo anatulia.

baba_mapacha
Dada udi acha kwanza, na dawa ya mbu ya kuwasha, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama mvua inanyesha. Moshi wote huo unawasha pua za mtoto, na mkaa unaua. Chandarua kinatosha. Kifudifudi hapana, hata kama anatulia, mlaze chali kila usingizi, godoro liwe gumu kidogo, pasiwe na mto wala manguo manguo karibu na uso.

Kuhusu kulala, sisi tulikuwa na wawili wanaguna kwa zamu, tukagawana usiku. Mama watoto alikuwa analala mapema kabisa saa mbili, mimi nashika mpaka saa saba, nambadilisha nepi nampelekea anyonye nampokea tena, baada ya hapo ni zamu yake na mimi nalala mpaka saa ya kazi. Shemeji akitoka saa kumi na moja anaweza kushika saa mbili mpaka saa tano, nawe lala masaa hayo usifue nguo. Na kwa vile mama mkwe yupo, mwombe amchukue asubuhi baada ya kunyonya ili upate tena masaa mawili, atafurahi kuombwa.